Kompyuta Haina Shemeji

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu naishi humo na ningependa kuendelea. Itoshe kusema kwamba ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, ina mawaziri wa kutosha, na ina mashine moja ya kusafisha damu. Mashine hiyo iko Hospitali Kuu, ghorofa ya pili, na wanaoitegemea ni wale ambao figo zao zimegoma. Wanaingia kwa zamu, na zamu hazitoshi, maana wagonjwa ni wengi na mashine, kama nilivyosema, ni moja.

Zamani nafasi kwenye mashine ilipatikana kwa kujuana. Ukiwa shemeji wa mganga mkuu, umepona. Ukiwa mjomba wa mtu anayecheza bao na mganga mkuu, nawe una matumaini. Wengine walizunguka na bahasha mpaka bahasha zikachakaa mfukoni. Mwisho watu wakachoka. Siku moja ndugu wa wagonjwa walikaa chini mbele ya lango la hospitali, kimya, na magari ya wakubwa yakashindwa kupita. Serikali yetu ni sikivu sana magari yake yanaposhindwa kupita.

Waliulizwa wanataka nini, wakasema wanataka haki. Mtu mmoja pembeni alisema anataka mashine ya pili, lakini huyo hakuwa kwenye ajenda.

Basi ikaundwa Wizara ya Haki na Ushindani, na akakabidhiwa Mheshimiwa Mtengeti, mtu mnene wa mwili na wa sauti, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka nje. Huko alifikia kwa mpwa wake, kijana ambaye hakuinuka kumpokea kwa sababu alikuwa anacheza gemu kwenye kompyuta na watu asiowajua, walioko nchi mbalimbali. Mheshimiwa alikasirika, kisha akavutiwa. Mpwa alimweleza kwamba kompyuta inampima kila mchezaji: ukishinda unapanda daraja, ukishindwa unashuka, na kila mara unapangiwa mtu wa kiwango chako, sawa kwa sawa, ili asionewe mtu. Hakuna wa kumpigia simu. Mheshimiwa alirudi nyumbani na hotuba tayari.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "kompyuta haina shemeji. Haina mjomba, haili chakula cha mchana, haina kwao. Kuanzia leo nafasi ya mashine ataipata anayestahili, na anayestahili ni aliyepanda."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga sana, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimeajiriwa kuwa msimamizi wa chumba cha mchezo pale hospitalini.

*

Mchezo wenyewe unaitwa Boma. Wachezaji wawili wanaingia kwenye boma bovu lenye kuta, kisima na ghala, kila mmoja na bunduki yake ya kwenye skrini, na atakayemwangusha mwenzake ndiye mshindi. Mgonjwa hachezi, anachezewa na ndugu yake. Madaraja yanaanzia Udongo, halafu Bati, Shaba, Fedha na Dhahabu, na juu kabisa ni Mheshimiwa, ambayo si madini lakini ilipitishwa bila kupingwa. Ukifika Shaba, mgonjwa wako anaingia kwenye mashine. Ukishuka, naye anashuka. Akikosekana mtu wa kiwango chako, unapangiwa yeyote aliyepo. Wakubwa pia walijiandikisha, ingawa figo zao ni nzima, kwa ajili ya tahadhari.

Siku ya uzinduzi kulitokea aibu. Mkurugenzi wa Wizara alikaa mbele ya kamera kucheza mechi ya mfano, akapangiwa kijana wa daraja la Udongo. Kijana akatokea nyuma ya ghala akampiga Mkurugenzi risasi ya paji la uso, bila hata shikamoo. Mkurugenzi alitolewa nje akipepewa, na Bunge likaitishwa kwa dharura kupitisha Kanuni ya Salamu.

Kanuni hiyo ni nyepesi na ya kiungwana. Mchezaji wa daraja la chini akikutana na wa daraja la juu, haruhusiwi kufyatua kabla hajaandika salamu kamili: shikamoo, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na pole na majukumu. Bunduki yake inafungwa mpaka ajibiwe. Mkubwa anajibu akipata nafasi, na wakati anaitafuta hiyo nafasi, bunduki yake yeye iko wazi.

Wenye nia mbaya walisema kanuni hii inaharibu kipimo. Wizara ikaleta mtaalamu wa hesabu, akathibitisha kwa michoro ya rangi kwamba kompyuta haikuguswa. Inahesabu ushindi kwa uaminifu uleule na haimjui mtu. Hilo ni kweli kabisa. Niliona kwa macho yangu jinsi ilivyohesabu bila upendeleo wowote, watu wakipigwa risasi huku wakiulizia watoto. Baada ya muda mfupi ikabainika kwamba vipaji vyote vya nchi viko serikalini.

Tulijivuna kiasi cha kupeleka timu ya Waheshimiwa kwenye mashindano ya dunia. Mechi ya kwanza walipangiwa vijana fulani waliovaa kofia kinyumenyume. Waheshimiwa wetu waliingia bomani, wakasimama katikati ya uwanja, wakasubiri kusalimiwa. Waliporudi tuliwapokea uwanja wa ndege kwa ngoma, na Mheshimiwa Mtengeti akatufafanulia kwamba timu yetu imetolewa na watu ambao hawakulelewa.

*

Kidawa Mbaruku alikuja chumbani kwangu akiwa bado amevaa kitambulisho cha kazini. Alikuwa mchapaji wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya mawakili kwa kasi ileile wanayoyasema, na mawakili wetu hawapumui. Mama yake, Bi. Mwatima, alilazwa wodi ya wanawake, kwenye korido hiyohiyo ya chumba cha mchezo, miguu imevimba na pumzi fupi. Daktari alikuwa amemwambia Kidawa bila kuzunguka kwamba bila mashine mama hatafika mbali. Kidawa aliniuliza swali moja tu: kompyuta ipi haigandi.

Hakuwa amewahi kucheza gemu maishani mwake, lakini vidole alikuwa navyo. Salamu kamili aliimaliza kabla mkubwa hajageuza shingo. Shida ikawa kujibiwa, na hilo nalo akalitafutia dawa. Aligundua kwamba Mheshimiwa akiulizwa habari za watoto anakaa kimya na kupiga risasi, ila akiulizwa habari za safari hawezi kujizuia. Anaanza kuandika palepale: hoteli ilikuwa nzuri, mkutano ulikuwa na tija, wenzetu wametupongeza sana. Kisheria hilo ni jibu. Bunduki ya Kidawa inafunguka, naye anamwangusha Mheshimiwa kabla hajashuka kwenye ndege. Kwa njia hiyo alitoka Udongo akapanda Bati, na watu wote wa chumbani wakawa wanakuja kusimama nyuma ya kiti chake kumtazama.

Wizara haikulala. Ikatoa tafsiri mpya kwamba kumuuliza mkubwa habari za safari ni rushwa ya maneno. Kidawa akakatwa alama, akabaki ukingoni mwa Bati, Shaba akiiona kwa macho tu. Akacheza hivyohivyo. Alikuwa akitoka mahakamani anakuja moja kwa moja, bila kula, na baadaye hata mahakamani akaacha kwenda.

Kila saa aliyoikaa mbele ya kompyuta ni saa ambayo hakuikaa na mama yake. Siku moja Bi. Mwatima aliniona napita, akaniita kwa mkono, akaniambia, "Mwambie mwanangu aje anishike mkono. Hizo bunduki atazikuta." Nilimfikishia. Kidawa hakugeuka. Alisema nimwambie anakuja, na machozi yakawa yanadondoka kwenye kibodi huku vidole vinaendelea na shikamoo, habari za nyumbani, za watoto. Nilikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi, mali ya serikali, nikampa. Hakwenda mpaka muuguzi alipofunga wodi.

*

Kwenye kitanda kilichofuata kile cha Bi. Mwatima alilala Bi. Nunuu, mke wa Sudi Mlekwa, fundi baiskeli. Wagonjwa hawa wawili walizoeana mpaka wakawa wanagawana uji na kuwasengenya wauguzi pamoja. Sudi naye alikuwa anamchezea mkewe, na alikuwa hafai kabisa. Mikono yake ilizoea spana. Kipanya alikishika kama kitu cha kuazima. Alishindwa na kila mtu, na mara moja alishindwa na mtu ambaye intaneti yake ilikuwa imekatika.

Kidawa alimhurumia. Mchana, foleni ya kompyuta ikiwa ndefu, walikaa kwenye benchi la korido wakinywa chai ya chupa aliyokuja nayo Kidawa, naye anamwelekeza. Usisimame uwanjani. Jibanze kisimani. Ukitoka, tokea kushoto, kwa sababu watu wengi macho yao yanakwenda kulia. Sudi alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo, akichora kisima kwa kidole kwenye goti lake. Mimi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo. Lakini fundi ni fundi. Alishika somo, akaanza kushinda, na baada ya muda naye alikuwa Bati, ukingoni kabisa, ubavuni mwa mwalimu wake.

Kisha nafasi moja ikapatikana kwenye mashine. Wizara haisemi kwamba mgonjwa fulani amekufa. Inasema mshindi amestaafu. Kompyuta ikapekua watu wote wa Bati kutafuta mechi ya haki kuliko zote ya kumpata wa kupanda Shaba, yaani watu wawili ambao uwezo wao umelingana. Majibu yalipotoka yalikuwa hamsini kwa hamsini, bila chenga. Haikuwahi kutokea tangu Boma lianze. Mheshimiwa Mtengeti alipiga simu mwenyewe kunipongeza, akaagiza mechi irekodiwe kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Ndani ya Boma wachezaji hawana majina, wana namba. Mimi ndiye niliyewakalisha: Kidawa nilimwingiza mlango wa mbele, Sudi mlango wa nyuma, katikati pana ukuta wa plaiwudi. Nilijua. Kanuni hainiruhusu kusema, na mimi ni mtu wa kanuni; mshahara wangu hauniruhusu kuwa mtu wa kitu kingine.

*

Walio sawa kwa daraja hawalazimiki kusalimiana, kwa hiyo bunduki zote mbili zilikuwa wazi tangu mwanzo. Kidawa alijibanza ghalani akangoja. Mara kwenye skrini yake yakaanza kutokea maandishi, herufi moja moja, ya mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Yalisema: Hujambo. Habari za kazi.

Hakuna mtu nchi nzima aliyewahi kumsalimia mwenzake mle ndani bila kulazimishwa. Kidawa aliinua mikono kutoka kwenye kibodi. Akaugeukia ule ukuta wa plaiwudi.

"Kaka Sudi?" alisema.

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. "Dada," Sudi alijibu. "Kumbe ni wewe."

Saa ya mechi ilikuwa inakimbia juu ya skrini, na kipaza sauti cha Wizara, chenye sauti ya kike ya upole, kikawakumbusha kwamba mechi isiyopata mshindi, nafasi yake inarudishwa kwenye akiba ya taifa. Akiba ya taifa maana yake ni Waheshimiwa. Siku hizo ilikuwa inatumiwa na mama mkwe wa mmoja wao, mwanamke mwenye figo imara, ambaye alipenda tu kukaa pale kwa sababu pana kiyoyozi.

Kidawa alisema hatapiga. Sudi alisema na yeye hawezi. Kidawa akauliza Bi. Nunuu ameamkaje, akaambiwa hakula. Sudi akauliza mama je, akaambiwa hakulala. Niliomba umeme ukatike. Hukatika kila siku, huku hospitali tumeshazoea, lakini siku ile ulikaa, na mimi nilisimama pale na funguo zangu nikiwa sina la kufanya, nikatamani nisingezaliwa katika nchi hii.

Sudi ndiye aliyesema. Alisema taratibu, kwa sauti ya kumweleza mteja baiskeli yake ilivyoharibika.

"Tukinyamaza wanachukua wao. Tupige, dada. Na upige kweli. Ukiniachia nitajua. Na mimi nikikuachia wewe, nitamwambia nini Nunuu?"

Kidawa alijifuta uso kwa kiganja. Kisha mikono yake ikarudi kwenye kibodi.

Nimesimamia mechi nyingi. Ile ilikuwa nzuri kuliko zote, na niliichukia tangu mwanzo hadi mwisho. Walisakana ukuta kwa ukuta. Sudi alimjeruhi Kidawa begani, Kidawa akamjeruhi Sudi mguuni, na kila risasi ikilia upande mmoja nilikuwa nasikia pumzi ya mtu upande wa pili. Hakukuwa na Waheshimiwa humo, hakukuwa na salamu, hakukuwa na hila. Palikuwa na watu wawili wanaojua wanachokifanya. Mwisho Sudi, akichechemea, akakimbilia kisimani.

Kidawa alijua atatokea kushoto, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Akaelekeza bunduki kushoto mwa kisima akatulia. Sudi naye alijua kwamba Kidawa anajua. Nilikuwa nimesimama nyuma yake wakati huo; niliona kipanya kinasita mkononi mwake, kikaenda kulia, kikarudi, kikaenda kulia tena. Halafu akatokea kushoto. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema mkono ulikuwa umeshazoea.

Kompyuta iliichunguza mechi yote upya, ikathibitisha kwamba hakuna aliyemwachia mwenzake.

*

Bi. Mwatima alihamishiwa wodi ya Shaba na kuingizwa kwenye mashine siku ileile. Bi. Nunuu alikufa kabla ya wiki kuisha. Sudi alikuwa ameushika mkono wake, kwani baada ya mechi ile hakukanyaga tena chumbani kwangu.

Wizara ikaandaa sherehe kwenye uwanja wa hospitali. Kulikuwa na maturubai, viti vilivyovishwa vitambaa, maji ya chupa kwa safu ya mbele na jua kwa safu zilizobaki. Mechi ilionyeshwa tena kwenye skrini kubwa, na pale Sudi alipotokea kushoto mwa kisima watu walishangilia. Mheshimiwa Mtengeti alipanda jukwaani akiwa amefurahi kwa dhati. Nilimwona, hakuwa anaigiza.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa letu, mtu amekufa kwa haki. Hakuna bahasha. Hakuna simu. Hakuna mjomba. Mataifa makubwa yanatuonea wivu."

Makofi yalikuwa mengi. Mtu mmoja wa safu ya nyuma aliuliza kama haiwezekani kununua mashine ya pili, na Mheshimiwa akamjibu kwa uvumilivu kwamba mashine ya pili ingeua ari ya ushindani, kisha yule mtu akasindikizwa kwenda kupumzika mahali pengine.

Sudi akaitwa kutoa ushuhuda. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyezoea kupiga pasi. Mtangazaji akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamtaka awaambie wananchi kama kuna mahali popote alipoonewa.

"Sikuonewa," Sudi alisema. "Dada huyu alinishinda. Na ni yeye aliyenifundisha."

Watu wakaanza kupiga makofi. Sudi akangoja yaishe.

"Zamani mtu wako akifa ulikuwa na wa kumchukia," aliendelea. "Ana jina, ana nyumba. Unapita mbele ya nyumba yake unatema mate, unakwenda kulala. Sasa mimi nimchukie nani? Nimetafuta. Kompyuta ni chuma. Huyu dada nimekunywa chai yake. Nilikuwa nataka kuuliza hilo tu, kama kuna anayejua."

Mtangazaji alimshukuru kwa ushuhuda mzito, na bendi ikapiga.

Kidawa alikuwa amekaa safu ya mbele na maji yake ya chupa ambayo hakuyafungua. Hakupiga makofi. Bendi ilipoanza aliinuka akaondoka, kwa sababu Shaba si ya kudumu; inabidi ilindwe, na mechi yake ya kuilinda ilikuwa imekaribia. Nilimfuata, kwa kuwa funguo za chumba ninazo mimi.

Alipitia kwanza wodi ya Shaba. Bi. Mwatima alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto, uvimbe wa miguu umeshuka, uso umerudi kuwa uso wake. Alikuwa amemaliza sahani ya wali. Alimshika Kidawa mkono akaushikilia, akamuuliza kelele zile nje ni za nini, akaambiwa ni sherehe za serikali. Kisha akauliza Nunuu wanamleta lini huku, maana huyu jirani mpya hajui hata kusengenya.

Kidawa alimnyooshea mama yake shuka, akalichomeka chini ya godoro, akalichomoa, akalichomeka tena.

"Ameruhusiwa, mama," alisema. "Ameshakwenda nyumbani."

Bi. Mwatima akafumba macho kwa furaha. Akamshukuru Mungu kwa kirefu, akasema kumbe watu wa serikali tumewasema bure.

"Wote wawili tumepata," alisema. "Basi kweli wameanza kutenda haki. Nenda mwanangu, nenda kacheze, usichelewe."

Kidawa akatoa mkono wake mkononi mwa mama yake, akaenda kucheza.